Tui la Jumatatu

"Inuka, mama. Gari linangoja."

Mbodze aliweka viganja sakafuni, akajisukuma, akafika nusu. Magoti yakamlegea. Alirudi chini, mgongo ukagonga ukuta wa seli.

Sajenti Subira Mwero alikuwa amesimama mlangoni na pingu mkononi. Jana yake mwanamke huyu alishindwa kuinuka vivi hivi mbele ya askari wengine, na Subira akamwambia aache kuigiza. Mmoja wa wale askari alicheka.

"Siigizi," Mbodze alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Miguu imeanza kufa tangu juzi. Nilidhani ni baridi ya sakafu."

Subira alichuchumaa, akamvua kandambili. "Kunja vidole."

Vidole havikukunjika. Alibonyeza unyayo kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Nasikia kama mtu anayenigusa juu ya soksi."

Subira alibaki vile vile amechuchumaa. Kesi yake ilikuwa imekaa vizuri hadi asubuhi ile. Mbodze alikuwa mjane wa Kiduruma, aliyetoka Kinango zamani akaja kuolewa Mwabungo, na kwa miaka mingi aliuza mahamri na mbaazi za nazi kando ya barabara. Kisha watu watano wa kijiji, mmoja baada ya mwingine, wakapoteza nguvu za miguu. Wote watano walikuwa wateja wake wa kila asubuhi. Kijiji kilitoa hukumu kabla ya polisi kufika: wengine walisema sumu, wengine walitaja jambo baya zaidi ya sumu. Kibanda kikachomwa moto. Subira alimfunga pingu palepale, mbele ya watu waliokuja kutazama majivu. Alimwambia mkuu wa kituo kwamba alifanya hivyo kumlinda. Ilikuwa kweli, lakini si yote. Alimfunga pingu kwa sababu alikuwa amemshika na uongo.

Alipomuuliza tui la mbaazi analitoa wapi, Mbodze alijibu kwamba anakuna nazi mwenyewe. Subira alikwenda nyumbani kwake. Mbuzi ya kukunia ilikuwa na utando wa buibui kwenye meno. Uani hapakuwa na kifuu hata kimoja.

"Mama," Subira alisema sasa, "mbaazi zako ulikuwa unakula?"

"Nile za nani tena?"

Subira alitia pingu mfukoni. Aliita askari mmoja, akamwambia ashike upande wa kushoto. Upande wa kulia alishika yeye.

*

Hospitalini daktari wa zamu, Gedion, alimpima Mbodze kwa nyundo ndogo ya mpira. Magoti hayakuruka. Aliposhikwa kusimama, ncha za miguu zilining'inia kama za mtu anayevaa viatu vikubwa.

"Huyu ni wa saba," daktari alisema walipotoka kwenye ujia.

"Wa sita," Subira alisahihisha. "Watano wa Mwabungo, na yeye."

"Wa saba, sajenti. Kuna mwingine alilazwa kabla yao. Hatoki Mwabungo, labda ndiyo sababu hukuambiwa. Elijah, mlinzi. Kitanda cha mwisho dirishani."

Hakuna aliyemficha habari hiyo. Subira alikuwa amewauliza wauguzi juu ya wagonjwa wa Mwabungo, nao wakamjibu alichouliza.

Elijah alikuwa mtu wa bara mwenye ndevu za mvi, Biblia imelazwa kifuani. Alijaribu kujinyoosha alipoona sare.

"Mzee, Mbodze wa Mwabungo unamjua?"

"Nimesikia jina lake humu wodini. Wanasema ndiye aliyetuloga."

"Umewahi kula kwake?"

"Mimi nikitoka lindo naenda moja kwa moja nyumbani, Ukunda. Mke wangu hupika. Sijawahi kukaa kwenye kibanda chake wala sikijui kilipo."

"Unalinda wapi?"

"Kiwanda cha nazi. Kile cha njia ya Msambweni."

Subira alirudi kwa daktari na swali moja: ni kitu gani kingemfanya mtu wa Ukunda na watu wa Mwabungo kuugua ugonjwa mmoja bila kula chungu kimoja.

Gedion aliketi ukingoni mwa meza yake. "Wote nimewauliza. Wote wanakumbuka waliharisha kidogo siku fulani, wakapona, wakasahau. Wiki kadhaa baadaye miguu ikaanza. Sumu ya panya haifanyi hivyo, wala ya shambani. Tulifundishwa juu ya kemikali wanayoitia kwenye mafuta ya mitambo mikubwa ili yasiungue. Ikiingia tumboni inakwenda polepole hadi kwenye mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu zaidi, ya miguuni." Alisita. "Sisemi ni hiyo. Nasema ningekuwa wewe, ningetafuta mafuta."

"Watapona?"

"Wengine watatembea. Wengine kwa mkongojo. Nani atakuwa nani, sijui."

Mbodze alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, karibu na mlango, leso imefunika miguu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka upande wa pili. Subira alivuta kiti.

"Shikamoo, mama."

Mbodze aligeuza uso kumtazama. Tangu siku ya majivu, Subira alikuwa hajamwamkia.

"Marahaba."

"Tui ulikuwa unalitoa wapi?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia unakuna. Mbuzi yako imefanya buibui."

Mbodze alitazama dari. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini, na Subira alilazimika kuinama.

"Kiwanda kinatoa tui bure. Kila Jumatatu asubuhi, lango la nyuma. Bwana Shem, meneja, ndiye aliyeanzisha. Wafanyakazi wanachukua, hata walinzi, na majirani wanachukua. Wengi huchukua kikombe cha mchuzi. Mimi nilikuwa nabeba ndoo mbili kwa bodaboda. Naligandisha kwenye friza la duka la jirani yangu, linanitosha wiki."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo wa Ramadhani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wateja wangu wanapita vibanda vingine kuja kwangu, kwa sababu ya nazi ya kukunwa kwa mkono. Ndivyo nilivyowaambia miaka yote. Na ilikuwa kweli. Mabega yamechoka, mwanangu. Nikaona aibu."

"Ukaona aibu, ukakubali kuitwa mchawi?"

"Nilidhani nitaitwa mwongo tu. Hilo jingine lilikuja lenyewe."

Subira aliuliza lile tui lilikuwa na ladha gani.

"Lilikuwa linateleza mdomoni," Mbodze alisema. "Zaidi ya tui la kawaida. Nilidhani ndivyo la kiwanda lilivyo."

Kabla ya kutoka, Subira alituma askari kwenye friza la jirani. Ndoo moja ilikuwa bado na tui la barafu chini. Ilifungwa mbele ya mwenye duka, ikatiwa lakiri, ikapelekwa maabara Mombasa mchana uleule.

*

Kiwanda kilikuwa jengo la mabati lililozungukwa na minazi. Shem alimpokea Subira langoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, shati limepigwa pasi vizuri, na alimwita afande kila baada ya maneno machache. Alisikitika juu ya Elijah. Alikuwa ameshamtembelea hospitali, na matunda.

"Na hawa wa Mwabungo, ni masikitiko," alisema. "Lakini afande, tui letu linakwenda mahoteli ya Diani kila siku. Wageni wanakula, wapishi wanakula. Mbona hao hawaugui?"

Lilikuwa swali zuri. Subira alikuwa amejiuliza hilohilo njiani.

"Nionyeshe tui linapopita," alisema.

Mwanamke aliyewaongoza aliitwa Caroline, mhandisi wa kiwanda. Alivaa koti jeupe na alitembea mbele yao haraka. Mashine za kukamua zilikuwa za kawaida, na mabomba ya kawaida. Mwishoni mwa ukumbi palikuwa na tangi kubwa la chuma, na hapo Caroline alisimama.

"Hili ndilo watu huja kutazama," alisema, na sauti yake haikuwa na majivuno.

Tui zito liliingia juu na kushuka pembeni mwa tangi kama kitambaa kinachovutwa. Lilipopita, ukuta ulibaki mtupu. Hapakubaki hata tone.

"Tui zito hung'ang'ania chuma," Caroline alieleza. "Katika matangi mengine unapoteza sehemu kubwa, na linalobaki linachacha. Hapa ukuta umevikwa ngozi ya plastiki yenye vitundu vidogo sana, huwezi kuviona. Ndani ya vitundu mna mafuta. Kinachoshuka hakigusi ukuta. Kinagusa mafuta, kinateleza."

"Mafuta gani?"

Shem alijibu kabla yake. "Ya kula, afande. Yameidhinishwa. Kama unatafuta kasoro, tazama sabuni. Hawa vijana wa usafi hawasuuzi vizuri, nimewaonya mara nyingi."

Subira alikwenda kutazama sabuni. Aliwahoji wasafishaji wawili kila mmoja peke yake, akanusa madumu, akafungua vali alipoelekezwa. Aliporudi alikuwa na jibu, lakini si lile Shem alilotaka.

"Sabuni mnatumia kila jioni," alisema. "Kama ni sabuni, tui la kila siku lina sabuni, na Diani nzima ingekuwa hospitali. Waliougua walikula tui la Jumatatu peke yake. Jumapili hapa mnafanya nini?"

Caroline alimtazama Shem. Shem alitazama saa yake.

"Matengenezo," Shem alisema.

"Matengenezo yapi?"

"Tunajaza mafuta," Caroline alisema.

"Wapi?"

"Kwenye ukuta wa tangi. Tunayapaka, vitundu vinayanywa, yanayozidi tunayafuta."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Subira alitazama lile tangi, tui likishuka ndani yake bila kuacha alama.

"Yale ya Jumapili iliyopita yanakuwa yameenda wapi?" aliuliza.

Mashine zilikuwa zinanguruma, lakini aliona kwamba wote wawili wamesikia.

*

Caroline aliomba waende maabara, chumba kidogo chenye sinki na friji. Shem aliwafuata. Juu ya meza Caroline aliweka vipande viwili vya chuma vilivyovikwa ngozi ileile ya tangi, akavipaka mafuta kutoka kwenye chupa ndogo yenye lebo.

"Haya ndiyo ya awali, ya kula," alisema. "Yamebaki haya tu."

Kwenye kipande cha kwanza alimimina rojo la ukwaju, tena na tena. Kila mara liliteleza likaanguka kwenye bakuli la maji ya moto lililowekwa chini. Kwenye cha pili alimimina tui. Liliteleza mara ya kwanza. Liliteleza mara ya pili. Baada ya hapo likaanza kusuasua, na mwishowe likaganda katikati, jeupe, kama chokaa.

"Tazama mabakuli, afande."

Bakuli la ukwaju lilikuwa la rangi ya kahawia tu. Kwenye bakuli la tui, juu ya maji, palikuwa na macho ya duara yanayong'aa, madogo na makubwa, yakiungana.

"Tangi nililibuni kwa ajili ya ukwaju," Caroline alisema. "Ukwaju ni maji. Maji na mafuta havichanganyiki, kwa hiyo mafuta yanabaki ukutani miezi. Tui lina mafuta yake. Mafuta ya nazi yanayaita yale ya ukutani, yanayachukua, yanaondoka nayo. Vitundu haviwezi kuyashika."

"Kuna njia ya kuvifanya vishike?"

"Ipo. Vitundu vidogo zaidi, tui lipite polepole, tusioshe kwa maji ya moto. Hizo zinapunguza. Ya uhakika ni kubadili mafuta, kutia aina isiyopatana na nazi kabisa. Niliomba hivyo. Ilihitaji kusimamisha tangi msimu mzima."

"Nani alikataa?"

"Mahoteli yalikuwa yanataka tui," Shem alisema. "Hawakutaka ukwaju. Watu wangekosa kazi, afande. Nikasema, kama yanapungua, tutaongeza. Gari pia huongezwa oili."

"Oili ya gari hailiwi," Subira alisema. "Jumatatu mnatoa tui bure. Kwa nini Jumatatu?"

Caroline alijibu akiangalia mabakuli. "Tui la kwanza baada ya kupaka ndilo linalobeba mafuta mengi. Mpishi wa hoteli moja alilirudisha. Alisema linang'aa juu. Tukaamua lile la kwanza lisiuzwe."

"Kwa hiyo wageni wa Diani walipata lililofuata, na majirani wakapata la kwanza."

"Kutupa chakula ni dhambi," Shem alisema. "Niliwapa kwa nia njema. Waulize. Kanisani walisimama wakaniombea. Hata imamu wa hapa jirani alinishukuru."

"Nyumbani kwako mlilila?"

Shem alifuta shingo kwa leso ya mfukoni. "Mke wangu hapendi nazi."

Subira aliigusa ile chupa ndogo. "Umesema yamebaki haya tu. Pipa lake liko wapi?"

Caroline alimwonyesha pipa la buluu kwenye kona ya ghala. Lilikuwa tupu na vumbi limetanda juu ya kifuniko.

"Liliisha lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na tangu hapo mnapaka nini?"

Caroline alitazama mlango wa nyuma. Subira alitoka nje akazunguka jengo mwenyewe. Nyuma ya chumba cha jenereta alikuta pipa jeusi juu ya matofali, bomba la mkono limechomekwa. Lebo ilikuwa imekwanguliwa, si kwa kutu bali kwa kisu. Mikwaruzo ilikuwa bado inang'aa. Mafuta yalikuwa mepesi, hayana rangi, na harufu yake ilikuwa ndogo mno. Mtu angeweza kuyanusa na kujiambia hakunusa kitu.

Shem alikuwa amemfuata. Hakuita afande tena.

"Ya awali yanatoka nje ya nchi," alisema. "Yalichelewa bandarini. Jamaa mmoja wa vyuma chakavu kule Ukunda akaniambia anayo, safi, mepesi, ya mashine za bei."

"Ulimwuliza kama yanalika?"

Shem aligusa bomba la mkono kwa ncha ya kiatu.

"Bwana Shem. Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza kama yanateleza."

Caroline alikuwa amesimama kwenye pembe ya jengo, mikono ndani ya mifuko ya koti. Subira alimgeukia.

"Na wewe?"

"Nilinusa," Caroline alisema. "Siku ya kwanza tu. Wiki hiyo wageni walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kutazama tangi langu. Picha yangu ilikuwa imetoka gazetini, mama yangu ameikata ameibandika sebuleni. Nilijiambia vitundu vitayashika."

"Na ulijua kwa tui havishiki."

"Nilijua." Alivua koti jeupe, akalikunja, akasimama nalo bila kujua aliweke wapi. "Mzee Elijah alikuwa ananifungulia lango kila asubuhi. Alipoacha kuja niliuliza, nikaambiwa anaumwa miguu. Sikuuliza tena."

*

Majibu ya Mombasa yalikuja kwa simu. Ilikuwa kemikali ileile daktari aliyoitaja, kwenye tui la friza na kwenye pipa jeusi. Subira alirudi kiwandani na askari wawili. Caroline alikuwa amekaa kwenye benchi la walinzi tangu asubuhi, akingoja, na alipanda gari bila kuambiwa. Shem aliomba kupita lango la nyuma ili wafanyakazi wasimwone. Subira alikubali. Alimtembeza polepole, akamngojea afunge ofisi, akamfungulia mlango wa gari.

"Pingu, sajenti?" askari aliuliza.

Mkono wa Subira ulikuwa bado uko kwenye mlango. Alimtazama meneja akikaa, akivuta suruali magotini isikunjamane. Siku ya Mbodze hakuna aliyeuliza. Siku ya Mbodze alikuwa ameita watu wapishe njia, wakapisha, wakasimama pande mbili wakitazama.

"Ingia tu," alimwambia askari. Uso ulikuwa unamchoma, na njia yote hadi kituoni alitazama nje.

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado juu, alikwenda wodini.

"Mama, umeachiliwa. Kosa lilikuwa langu."

"Lipi?" Mbodze aliuliza.

Subira alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine. "Niliposema unaigiza."

"Na?"

"Na pingu. Mbele ya watu. Na kukuacha sakafuni siku zile bila kuita daktari."

Mbodze aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayehesabiwa mzigo na kukuta umetimia. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe.

"Gari liko nje," Subira alisema. "Daktari amekubali urudi nyumbani, uwe unakuja kliniki."

"Mwabungo sirudi."

"Hukuwatia sumu. Nitawaambia mwenyewe."

"Waambie. Lakini niliwapakulia mimi. Mkono ulikuwa wangu, na nilikuwa nawadanganya huku nikiwapakulia."

Subira alikwenda Mwabungo peke yake, kwa miguu kutoka barabara kuu. Aliingia nyumba za wagonjwa, waliokwisha kuruhusiwa kutoka hospitali, moja baada ya nyingine. Katika kila nyumba alieleza juu ya tangi na pipa, na katika kila nyumba alisema pia kwamba yeye ndiye aliyemkamata mtu asiye na hatia. Wengine walilia. Mzee mmoja alimwomba arudie sehemu ya mwisho ili mkewe aisikie, naye akairudia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Japheth, dereva wa bodaboda. Alikuwa amekaa mkekani barazani, miguu imenyooka mbele yake, pikipiki imefunikwa gunia. Alisikiliza hadi mwisho. Mkewe alipoingia ndani kuleta maji, alisema bila kuinua uso:

"Kibanda nilichoma mimi."

Subira alichuchumaa kando ya mkeka. "Unajua unamwambia nani?"

"Najua. Nilitaka niseme kwa polisi, nisiseme kwa jirani halafu ionekane nimetubu."

"Lazima nichukue hatua."

"Chukua." Alivuta uzi wa mkeka. "Lakini nataka yeye asikie kabla ya mahakama. Asikie kwangu. Sijui nitafikaje."

"Tutakubeba," Subira alisema.

Walimbeba kesho yake asubuhi, mkewe upande mmoja na Subira upande mwingine. Hospitalini wakapata kiti cha magurudumu. Japheth aliomba kisimamishwe mbali kidogo na kitanda. Mbodze alikuwa ameketi, mito mgongoni, na alipomwona aliiweka sawa leso kichwani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Japheth."

"Kibanda ni mimi."

Mbodze aliitazama miguu ya Japheth. "Kwa petroli ya pikipiki?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa bado unatembea?"

"Kwa kushika ukuta."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amegeuka upande wa pili siku zote, sasa alikuwa amegeuka huku.

"Wewe ulikuwa hupendi mbaazi za juu," Mbodze alisema. "Ulikuwa unaniambia, mama, nichotee zile za chini, zilizolala kwenye tui."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nakuwekea. Hata wakija wengine, nilikuwa nakuwekea wewe."

Hakuweza kuendelea. Alivuta leso kutoka kichwani, akajifunika uso nayo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Japheth naye alikuwa ameinama, viganja vimefunika macho. Walikaa hivyo, kila mmoja amemficha mwenzake uso, na kati yao palikuwa na sakafu tupu ambayo hakuna hata mmoja aliyeweza kuivuka.

Kisha sauti ya Mbodze ikatoka chini ya leso.

"Sogea karibu, baba. Siwezi kupaza sauti."

Subira alikishika kiti kwa nyuma, akakisukuma hadi kikagusa kitanda, akatoka nje.